Hesabu chamchanga kwanza, pesa baadaye

Msimu wa maombi ya ruzuku ukikaribia, simu yangu mimi katibu wa kikundi cha kijiji kinachohifadhi ndege na mikoko haitulii. "Katibu, tutumie lile andiko lenu, tubadilishe jina tu." Silitumi, na si kwa uchoyo. Andiko lile linazungumzia mafungu ya mchanga ya kwetu, maji ya kwetu na ndege wa kwetu. Ukiliazima utaumbuka kwenye swali la kwanza. Nitakueleza tulivyofanya sisi huku Delta ya Rufiji, upande wa Kibiti. Wewe wa maeneo mengine ya maji na ndege, kama Kilombero au Malagarasi, chukua kinachokufaa.

Nianze na lile lililokataliwa, maana ndilo lililotufundisha. Tuliomba pesa za kupanda miche ya mkoko kwenye tope lililo wazi mbele ya kijiji. Tulibandika na picha: watoto wa shule wameshika miche, wanacheka. Jibu lilirudi na swali moja lililotuchoma: maji yakipwa, nani anakula hapo mnapotaka kupanda?

Tukaenda kutazama, jambo ambalo tungelifanya mwanzoni. Maji yalipopwa chamchanga, ndege wadogo wa pwani, walishuka mamia kwa mamia, wanadonoa tope kama cherehani. Sululu nao, na midomo yao iliyopinda, wanachomoa kaa wadogo kutoka mashimoni. Baadhi ya chamchanga hawa huzaliana kaskazini kabisa ya Urusi, wanakuja kwetu kula kabla ya kurudi. Sisi tulitaka kuotesha msitu juu ya sahani yao, tena kwa pesa za kuhifadhi ndege! Na miche yenyewe ingekufa. Pale hapakuwahi kuwa na mikoko, kwa sababu maji hukaa juu ya tope muda mrefu mno.

Andiko la pili tukalihamishia kwenye mashamba ya mpunga yaliyoachwa, ambako mikoko ilikuwepo ikakatwa. Huko kazi kubwa si kupanda. Ni kukata matuta ya zamani ili maji ya bahari yaingie na kutoka, nayo huleta mbegu za mchu na mkandaa, aina mbili za mikoko, bila posho. Unapanda pale tu ambapo mbegu hazifiki. Ni kazi rahisi kuliko kitalu, na mfadhili anayejua mambo huielewa haraka.

Sasa hesabu. Usiandike "ndege wengi" wala "ndege wamepungua sana". Wengi ni wangapi? Sisi huhesabu siku za bamvu, bahari inapojaa kupita siku nyingine, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, na maji yakiwa yamejaa kabisa. Tope lote likifunikwa, ndege hawana pa kusimama ila mafungu mawili matatu ya mchanga, wanajazana hapo. Maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana, hayafai, ndege wametawanyika kila mahali. Mtumbwi usikaribie, wakiruka, umeanza upya. Mmoja anashika darubini na kutaja, mwingine anaandika. Kundi kubwa tunahesabu kumikumi. Ukurasa wa kwanza wa daftari letu una mstari kama huu: "Fungu la kusini, saa 10:20 jioni, chamchanga wadogo 310, sululu 14, mwari 6, upepo mkali." Hata upepo uandike, maana siku ya upepo unakosa wengi.

Fanya hivyo mwezi hadi mwezi, na usikose Januari, kwa kuwa ndiyo sensa ya ndege wa maji inapofanyika Afrika nzima. Namba zako zitalinganishika na za wengine. Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, hutazama, pamoja na vigezo vingine, kama eneo lina ndege wa maji 20,000 au zaidi kwa kawaida, au asilimia 1 ya ndege wote wa jamii fulani. Kikundi cha kijiji hakilazimiki kufika huko. Ila ukiwa ndani ya eneo la Ramsar liseme mapema: sisi tumo katika Rufiji-Mafia-Kilwa, lililoorodheshwa 2004. Sentensi moja inatosha, mengine yaachie daftari.

Pa kuomba. Kwa vikundi vya kijiji mlango ninaoujua ni mpango wa ruzuku ndogo wa GEF, yaani Mfuko wa Mazingira wa Dunia, unaosimamiwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Kwa miaka mingi kiwango chake cha juu kilikuwa dola 50,000, lakini usiombe cha juu kwa kuwa kipo; omba unachoweza kukitolea hesabu. Kijana wenu aliyesomea wanyamapori anaweza kujaribu Rufford Foundation ya Uingereza, ambayo hutoa ruzuku ndogo za uhifadhi. Atafute mapema watu wa kumdhamini kwa barua.

Karatasi sitazirefusha: usajili, katiba ya kikundi, akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja, muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji wenye mhuri. Mikoko ya bara ni msitu wa hifadhi, kwa hiyo zungumza na watu wa TFS, wakala wa serikali wa misitu, kabla hujagusa hata tuta. Barua yao ikiwa kiambatisho, nusu ya maswali yanakwisha.

Kwenye bajeti wengi hujaza semina na posho. Mimi naanza na petroli. Injini yetu ndogo hula lita 25 kwenda kwenye mafungu na kurudi, na safari ni mbili kila mwezi, zidisha mwenyewe. Ongeza buti, darubini, daftari lisiloloa. Kisha andika mchango wenu: siku za kukata matuta, mtumbwi wa mzee fulani, jiko la akina mama. Vyote vina bei, na wafadhili hutaka kuuona mchango huo. Tulisahau kuuandika mara ya kwanza, tukaonekana tumekuja mikono mitupu.

Na risiti! Muuza mafuta wa gatini hana. Kanunue Kibiti mjini kwa madumu, ubaki na karatasi.

Bamvu la Januari tunatoka tena. Ukitaka kujifunza kuhesabu, panda boti Nyamisati, uje na kofia. Darubini ni moja, tutapokezana.