Kabla ya kuandamana Minneapolis: hatua kwa ndugu zangu wahamiaji

Tangu George Floyd, Mmarekani mweusi, auawe hapa Minneapolis tarehe 25 Mei 2020, polisi akimkandamiza shingo kwa goti kwa zaidi ya dakika 9, nimekuwa nikivaa kizibao cha kung'aa na kusimamia maandamano ya amani. Wakenya, Watanzania na Wakongo huniuliza: nasi tuje? Njooni. Anayemshuku mtu kwa rangi yake haulizi alizaliwa Goma au Georgia.

1. Anza na hati zako. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Katiba ya Marekani inalinda kukusanyika kwa amani, hata kwa asiye raia. Lakini kukamatwa kunaweza kumletea mhamiaji matatizo ambayo raia hayapati. Kama kesi yako ya ukimbizi haijaamuliwa, zungumza na wakili wako kwanza. Akikukataza, baki ulee watoto wa wanaoandamana. Tunawahitaji sana watu hao. Mwenye ukaazi wa kudumu abebe kadi yake, sheria inamtaka awe nayo.

2. Andika namba ya wakili mkononi, kwa wino usiofutika. Simu inaweza kuchukuliwa. Ifunge kwa namba ya siri, si kwa uso wala kidole.

3. Viatu vya kufunga, maji, miwani badala ya lenzi. Gesi ya machozi ikikupata, osha macho kwa maji safi. Si maziwa.

4. Usije peke yako. Kubalianeni mtakutana wapi mkipotezana.

5. Njiani, itikia kwa sauti. Kiongozi akisema tumtaje, jina la Floyd linatoka vifuani mwa maelfu, na mwili husisimka kila mara. Ukiona mtu anavunja vioo, usipambane naye, sogea, utuite sisi wenye vizibao. Wenye kofia za kijani ni waangalizi wa kisheria. Ukikamatwa, wapazie jina lako walinukuu.

6. Polisi akikusimamisha, mikono ionekane, usikimbie. Uliza kama uko huru kuondoka. Akikukamata, sema mawili tu: utanyamaza, na unataka wakili. Usitie sahihi chochote kabla ya wakili kufika. Na kamwe usiseme wewe ni raia kama si raia. Kosa hilo linaweza kukufungia njia ya kubaki nchini.

7. Jioni mpigie mwenzako. Asipopatikana, piga ile namba iliyo mkononi mwako.