Yuniti kwa kila kitanda: kupima nishati ya nyumba ya wageni Lamu

Mwezi mmoja wa Mei nilimpelekea mama mwenye nyumba habari nilizozionea fahari: stima imeshuka zaidi ya nusu tangu Disemba. Nilikuwa nimebadilisha balbu zote, kwa hiyo sifa nilijipa mwenyewe. Akaniacha nimalize, kisha akauliza, "Na walolala ni wangapi, mwanangu?"

Mei ni mvua na upepo wa kusi. Nyumba ilikuwa tupu. Balbu zangu hazikuwa na la kujivunia.

Tangu hapo sitaji matumizi bila kutaja yaligawanywa kwa nini. Kiashiria cha nishati ni hicho tu: juu unaweka nishati uliyotumia, chini unaweka kazi iliyokufanyia. Mwaka 2005 IAEA, shirika la kimataifa la nishati ya atomiki, na wenzake walitoa orodha ya viashiria 30 vya nishati kwa ajili ya nchi, vinne vya jamii, 16 vya uchumi na 10 vya mazingira. Nchi hugawanya kwa pato la taifa au kwa idadi ya watu. Nyumba ya vyumba sita pale mtaa wa Mkomani haina pato la taifa. Ina vitanda.

Namba za nyumba ninazotumia hapa chini ni za mfano, ila ukubwa wake ndio huo ninaokutana nao kazini.

Hatua ya 1: Andika yuniti, achana na shilingi

Shilingi zitakudanganya. Bei ya yuniti hupanda na kushuka mwezi hadi mwezi kwa tozo la mafuta na la ubadilishaji wa fedha, kwa hiyo tokeni za shilingi elfu tano leo si sawa na za elfu tano za mwaka jana. Yuniti moja haibadiliki: ni kilowati moja ikitumika kwa saa moja.

Mtego wa pili ni kuhesabu tokeni ulizonunua ukadhani ndizo ulizotumia. Tarehe mosi soma salio kwenye mita. Mwisho wa mwezi soma tena. Salio la mwanzo, ongeza ulizonunua, toa salio la mwisho: hayo ndiyo matumizi. Soma saa ileile kila mara. Mimi husoma baada ya alfajiri, kabla mpishi hajawasha chochote.

Hatua ya 2: Chagua kigawanyo

Kwa nyumba ya wageni, kigawanyo ni kitanda kilicholaliwa: kichwa kimoja, usiku mmoja. Mke na mume wakilala siku tatu, andika sita. Usihesabu vyumba, maana chumba cha mtu mmoja na cha familia ya watano havifanani hata kwa taulo. Mwenye kiwanda cha barafu atagawanya kwa tani za barafu, mwenye duka la kushona kwa nguo. Swali ni lilelile: mteja alilipia nini?

Hatua ya 3: Tafuta mzigo unaokula hata nyumba ikiwa tupu

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wengi wanapoishia kukata tamaa. Tuseme Disemba nyumba ilitumia yuniti 1,240 na vitanda vilivyolaliwa ni 210. Gawanya: karibu 5.9 kwa kitanda. Mei ilitumia yuniti 520 na vitanda 20. Gawanya: 26 kwa kitanda! Ukiisoma juujuu utasema Mei tuliharibu, na mimi niliyesema Mei tuliokoa nilikosea upande wa pili. Zote mbili si kweli.

Sababu ni kwamba friza haijui kama kuna mgeni. Matumizi ya nyumba yana sehemu mbili: ile inayokwenda usiku na mchana bila mtu, na ile inayoletwa na kila anayelala. Kuzitenganisha ni hesabu ya darasa la saba:

Tofauti ya yuniti: 1,240 − 520 = 720.
Tofauti ya vitanda: 210 − 20 = 190.
720 ÷ 190 = karibu 3.8. Hizo ndizo yuniti anazoleta kila mgeni kwa usiku.
Vitanda 20 vya Mei × 3.8 = 76. Toa kwenye 520, zinabaki 444.

Yuniti 444 kwa mwezi zinaliwa hata ukifunga mlango ukaenda zako Faza. Ukigawanya kwa saa za mwezi wa siku 31, ni kama wati 600 zinazowaka bila kupumzika.

Tahadhari moja: Disemba upepo wa kaskazi umeingia, joto ni jingine, na AC zinafanya kazi kuliko Mei. Kwa hiyo ile 3.8 imebeba pia hali ya hewa. Miezi miwili inakupa picha ya haraka. Ukipata miezi 12, chora nukta moja kwa kila mwezi kwenye karatasi ya miraba, vitanda chini na yuniti kando, kisha pitisha mstari katikati yake kwa rula. Mahali mstari unapokata ukingo wa kushoto, pale penye vitanda sufuri, ndipo ulipo mzigo wa nyumba tupu. Nukta iliyoruka mbali na mstari ina kisa chake. Mara nyingi ni bomba linalovuja na pampu isiyozima.

Hatua ya 4: Hesabu mmweko wa mita

Mita nyingi zina taa ndogo nyekundu inayomweka, na kando yake pameandikwa idadi ya mimweko kwa yuniti moja. Mara nyingi ni 1,000. Subiri usiku nyumba ikiwa tupu, washa saa ya simu, hesabu dakika kumi. Kwa mita ya 1,000, mimweko kumi kwa dakika ni wati 600. Umeiona tena ile 600? Sasa tuitafutie anwani.

Zima swichi moja moja kwenye ubao wa umeme, ukihesabu upya kila mara. Friji na friza huwaka na kuzima zenyewe, ndiyo maana nasema dakika kumi na si moja. Watu hushuku pampu kwanza kwa sababu ina kelele. Kupandisha maji lita 1,000 kwenye tangi la ghorofa ya pili hakufiki hata robo ya yuniti pampu ikiwa nzima. Ninachokikuta zaidi ni friza ya pili, mpira wa mlango umechakaa, ndani kuna barafu na samaki wawili.

Hatua ya 5: Ingiza gesi, makaa na mafuta

Stima si nishati yote. Ili ulinganishe, geuza kila kitu kuwa yuniti. Kwa makadirio: kilo moja ya gesi ni kama yuniti 13, lita ya dizeli 10, lita ya petroli 9, kilo ya makaa 8. Mtungi wa kilo 13 una yuniti zipatazo 165.

Ila usichanganye nishati iliyo ndani ya mafuta na stima inayotoka. Lita ya dizeli ina yuniti 10, lakini jenereta nzuri itakupa kama tatu tu. Zilizobaki ni joto na kelele za kumuudhi jirani. Jenereta kubwa inayowasha feni nne hutoa hata chini ya hapo. Andika lita na yuniti kila inapowashwa.

Hatua ya 6: Geuza kuwa hewa ukaa

Lita ya dizeli ikiungua hutoa hewa ukaa kilo 2.7, ya petroli 2.3, kilo ya gesi karibu 3. Stima ya gridi ya Kenya hutoka zaidi kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa, upepo na jua (lile shamba la sola la Langobaya, kule kwa wenzetu wa Malindi, limo), kwa hiyo nakadiria moja ya kumi ya kilo kwa yuniti. Disemba ya mfano wetu ingekuwa hivi:

Stima yuniti 1,240: kilo 124.
Gesi mitungi mitatu: kilo 117.
Jenereta lita 40: kilo 108.
Boti lita 250 za petroli: kilo 575.

Boti! Mji huu ulibishana miaka juu ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, hadi leseni yake ikafutwa mwaka 2019, na haki yetu ilikuwa kubishana. Ila nyumbani tunahangaika na balbu huku boti ikienda uwanja wa ndege wa Manda mara tatu kwa siku kuchukua mgeni mmoja mmoja. Kigawanyo cha boti ni abiria aliyefikishwa, si safari. Mwambie nahodha aandike vichwa na lita kwenye ukurasa mmoja.

Makaa yahesabu kando, kwa kilo za kuni. Tanuri la udongo hula kilo sita, nane, hata zaidi za mti kutoa kilo moja ya makaa, na namba ya hewa ukaa peke yake haikuonyeshi msitu uliopungua.

Hatua ya 7: Mwezi wa kwanza usibadilishe kitu

Pima tu. Mwezi wa pili badilisha kimoja, mathalani zima ile friza ya samaki wawili, kisha rudi kwenye mita usiku uhesabu mimweko. Mimi daftari langu sasa lina safu nne: yuniti, lita, vitanda, abiria. Safu ya vitanda huijaza mama mwenyewe.