Mnaenda umisheni nje na watoto wadogo? Pangeni zamu kwanza, mabegi baadae

Wiki moja kabla hatujasafiri mtu aliniuliza "sasa watoto mnamwachia nani?", nikamwambia tunaenda nao, akaniangalia kama nimemwambia naenda kuuza figo. Mdogo alikua na mwaka na miezi 4, mkubwa miaka 4, safari ya siku 14 na mimi na mume wangu wote tupo kwenye timu. Tulirudi wazima ila siku za mwanzo nilikosea karibu kila kitu, basi naandika ili wewe ukakosee vingine.

Kabla hata ya kukata tiketi kaeni na kiongozi wa timu mumwambie wazi kwamba nyie wawili mtafanya kazi ya mtu mmoja. Sio mmoja na nusu, mmoja. Sisi tuliona aibu kusema, tukapangiwa wote asubuhi mpaka jioni, mimi semina ya akina mama, baba yao vijana, na watoto eti "watakuwepo tu hapo hapo". Hiyo "watakuwepo tu" haipo duniani jamani. Siku ya pili mdogo alilia katikati ya maombi mpaka wenyeji wakaacha kuomba wakaanza kumbembeleza, mkalimani kashika chupa ya maziwa, mi nimesimama mbele na maiki sijui niendelee au nikimbie. Usiku ule tukaivunja ratiba. Asubuhi natoka mimi, mchana anatoka yeye, jioni wote tunaenda kama watoto wamelala mchana, wakiwa hawajalala haendi mtu. Na anaerudi haanzi kusimulia huduma ilivyokua, anapokea mtoto kwanza, mwenzie alale hata nusu saa, stori baadae. Na anaebaki na watoto asiitwe "amepumzika leo", hapo nitagombana na mtu.

Makaratasi sasa, haya yaanze miezi mitatu kabla au zaidi. Kila mtoto awe na pasi yake, na nchi nyingi zinataka iwe na angalau miezi 6 mbele, alafu kumbuka pasi ya mtoto mara nyingi inaisha muda haraka kuliko ya mtu mzima. Kama anasafiri na mzazi mmoja, beba barua ya ruhusa ya yule anaebaki, ikiwezekana imegongwa muhuri wa wakili, na nakala ya cheti cha kuzaliwa, maana kwenye uhamiaji wanaweza kukuuliza huyu mtoto ni wa nani na we una usingizi wa safari ndefu.

Chanjo usisubiri wiki ya mwisho. Ya homa ya manjano kwa kawaida inaanzia miezi 9, na cheti chake kinaanza kutambulika siku ya 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo ukichanja Jumatatu na ndege ni Ijumaa umejichanganya mwenyewe. Tangu 2016 cheti hicho ni cha maisha, hakirudiwi kila baada ya miaka 10 kama zamani. Mtoto wa miezi 6 mpaka 11 anaeenda sehemu yenye surua anaweza kupewa dozi ya mapema, ila hiyo haihesabiki, zile za kawaida bado atazipata umri ukifika. Dawa za kuzuia malaria kwa watoto zinapimwa kwa kilo, usimkatie kidonge chako nusu kwa kukisia, nenda kliniki apimwe uzito.

Kumwandaa mtoto: wa chini ya miaka 2 hamna cha kumweleza, huyo anachojali ni nyie mpo na kile kiblanketi chake kipo. Wa miaka 3 kwenda juu anahitaji picha, sio hotuba. Tulichora viboksi 14 kwenye karatasi, kila asubuhi anaweka alama kimoja, basi lile swali la "tunarudi lini nyumbani" likapungua kutoka mara hamsini kwa siku mpaka kama mbili.

Begi la mkononi ndo la maana, lile kubwa likipotea mtaishi. Weka pampasi za siku nzima na za ziada, nguo mbili za kila mtoto na BLAUZI YAKO MOJA, hii nimejifunza nikiwa nimetapikiwa masaa mawili tangu ndege iruke. Dawa ya homa, kipima joto, ORS (ile pakiti ya unga ya kuchanganya na maji, ya mtoto anaeharisha). Maziwa ya mtoto na dawa zake viwanja vingi wanaruhusu hata kama vimezidi ml 100, ila vitoe uvionyeshe kabla hawajakuuliza. Ndege ikianza kushuka mnyonyeshe au mpe anywe kidogo kidogo, masikio yanafunguka akimeza. Usimwamshe ghafla wakati tayari inashuka, anaamka na maumivu, ndege nzima itakujua.

Kama huko mnakoenda saa zinatofautiana sana na za nyumbani, usiku wa kwanza hamlali, kubalini tu. Sisi saa 9 usiku nilikua nimekaa sakafuni bafuni na mdogo, vikombe viwili vya plastiki, anamimina maji kutoka hiki kwenda kile, anacheka peke yake, baba na mkubwa wanakoroma. Taa niliacha ndogo, simu sikuwasha. Asubuhi nikamtoa juani mapema hata kama ana usingizi. Siku ya nne akawa sawa.

Kuhusu wenyeji kuwabeba watoto wenu: wengi wanafanya kwa upendo na mtafurahi, ila mtoto akisema hataki, ni hataki, we ndo mwambie mwenyeji kwa heshima, usimlazimishe mtoto ili timu isionekane inaringa. Na picha ni hivyo hivyo pande zote mbili. Kama hupendi mtu usiemjua amrushe mwanao mtandaoni, usirushe mtoto wa mtu bila kumuuliza mzazi wake.

Akiharisha, ORS mapema, kidogo kidogo kwa kijiko, na changanya kama pakiti inavyosema sio kwa macho. Akikataa kunywa kabisa, ana damu kwenye choo, au amelegea, hiyo sio ya kusubiri kipindi kiishe, hospitali. Jua hospitali iliko siku mnafika, muulizeni mwenyeji kabla hata hamjafungua mabegi.

Mkirudi msipange kitu wiki nzima, hata ushuhuda kanisani usogezwe. Mkubwa wetu alirudia kukojoa kitandani kama siku 6 na kung'ang'ania mguu wangu kila nikisimama, ikaisha yenyewe. Ila homa isichukuliwe poa, kama mlikua sehemu yenye malaria, homa yoyote ndani ya mwaka mmoja baada ya kurudi, hasa miezi mitatu ya kwanza, mwambie daktari mlitoka wapi, hata kama unaona ni mafua tu. Na ile karatasi ya viboksi usiitupe, wetu alidai achore vingine 14 vya kukaa nyumbani.