Msaragambo wa bustani ya mtaa kwenye mchanga wa Mtwara

Ardhi yetu ya pwani ni mchanga: mwaga ndoo ya maji, ukigeuka hayapo. Ndiyo maana kulima eneo zima na kupanda siku hiyohiyo ni jasho la bure. Nguvu za watu ishirini ziingie kwenye matuta kumi yaliyoshiba samadi. Eneo lililobaki lingoje mwakani. Anzeni Mei, mvua zinapokatika.

1. Samadi kwanza, wiki mbili kabla ya kupanda. Tuta la mita 1 kwa 5 linakula debe tano. Matuta kumi ni debe hamsini, magunia kama tisa. Ingiza mkono katikati ya lundo. Ukisikia joto, au harufu ya mkojo bado inachoma pua, haijaiva na itaunguza miche. Ya kuku ni kali zaidi, wekeni nusu.

2. Gawaneni kazi. Wanane wachimbe, sita wabebe samadi, wanne wakate nyasi kavu za matandazo, yaani za kufunika udongo, wawili wachote maji. Wote wakishika jembe, saa nne jua limekuwa kali na magunia bado yako barabarani.

3. Tuta lizame, lisiinuke. Chimbeni sentimita 30. Udongo wa juu, ule wenye weusi kidogo, uwekeni kulia. Mchanga mweupe wa chini, kushoto. Rudisheni ule mweusi pamoja na samadi, mchanganye hadi rangi iwe moja. Mchanga mweupe ndio kingo. Uso wa tuta ubaki sentimita 10 chini ya njia. Mwagilieni wiki nzima kabla ya kupanda.

4. Mbegu. Mbegu za mchicha ni ndogo mno, zichanganyeni na mchanga mkavu zisirundikane. Mistari iachane sentimita 20. Bamia, mistari iachane sentimita 50, shina hadi shina 30.

5. Maji. Lita 30 kwa tuta kwa siku, nusu asubuhi, nusu jioni. Zikimwagwa zote kwa mpigo hushuka chini ya mizizi na kuondoka na mbolea.

Maswali ya wanachama

*Mikindani: Kisima chetu kina chumvichumvi. Tuache?*
Msiache, ila maharage hayatawafaa, jaribuni spinachi. Mwagilieni shinani, si juu ya majani, na matandazo yasikosekane. Mkiona ukoko mweupe juu ya udongo, chumvi imepanda: mwagieni maji mengi kwa mara moja ishuke. Hapo tu ndipo kanuni ya nusu kwa nusu inavunjwa.

*Naliendele: Tumepakana na mikorosho, wakipuliza salfa inatufikia.*
Salfa ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho, hupulizwa alfajiri kuanzia Juni hivi. Mwombeni jirani awape siku yake, mvune jana yake. Matango na maboga yasikae upande huo, majani yake huungua salfa ikikutana na jua kali.

*Lindi mjini: Bamia zimedumaa, mizizi ina vinundu.*
Ni minyoo fundo, inapenda mchanga. Ng'oeni pamoja na mizizi yote, mchome, msitupe kwenye mboji. Msimu ujao hapo pandeni ufuta, si nyanya wala bilinganya.

*Masasi: Siku ya kwanza tulikuwa thelathini, sasa tunamwagilia wanne.*
Kila tuta liwe na watu wawili wanaojulikana kwa majina, kibao kichomekwe hapo. Zamu ya "sisi sote" haina mwenyewe, na mchicha wa mchangani ukikosa maji siku mbili unatoa maua.