Epidura baada ya opresheni ya kifua: ukohoe vipi bila kulia

Ukishapasuliwa kifua kazi yako kubwa ni kukohoa. Utacheka lakini ndo hivyo, mbavu zimetanuliwa, kila pumzi inachoma, mtu anaanza kupumua juu juu tu, makohozi yanabaki chini huko kwenye mapafu na siku chache mbele nimonia hiyo. Epidura, yaani kamrija kembamba ka dawa ya kuua maumivu nje ya utando wa uti wa mgongo, inawekwa ili uweze kukohoa.

Kabla ya yote mtajie daktari wa usingizi dawa zako ZOTE, hasa za kuzuia damu kuganda, wafarini, klopidogreli, sindano za heparini, na usiziache kwa akili yako, yeye ndo atakupa siku. Aspirini peke yake kwa kawaida sio tatizo. Shida ni sindano ikigusa mshipa wa damu halafu damu haigandi, inajikusanya pale na kuubana uti wa mgongo. Ndo maana kwenye opresheni ya moyo, ile ya mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, ambako heparini inamwagwa nyingi, wengi wanaikwepa epidura, wengine wanachoma mofini (dawa kali ya maumivu) kidogo mara moja kwenye maji ya mgongo na inakusaidia karibu siku nzima. Ila mofini hiyo inawasha, puani hasa, inaleta kichefuchefu, na inaweza kupunguza kupumua masaa mengi baadaye, kwa hiyo nesi akikuamsha usiku kuhesabu pumzi usimnunie.

Wakati wa kuchomwa mara nyingi unakuwa macho, umekaa. Kidevu kifuani, mabega legea, jikunje kama jongoo aliyeguswa, pingili zinaachana. Ganzi ya ngozi inauma kidogo, baada ya hapo unahisi kusukumwa tu. Ukisikia kama shoti ya umeme sema hapo hapo, ila usiruke.

Wodini pampu inakutia bupivakaini (dawa ya ganzi) na fentanili (dawa kali ya maumivu) kidogo kidogo. Hapa wengi wanakosea: nesi anauliza maumivu ni ngapi kati ya 0 na 10, mtu amelala kimya kama gogo anajibu 2. Kohoa kwanza! Kumbatia mto kifuani, vuta pumzi, kohoa, halafu ndo utaje namba. Kama kuna kitufe cha kujiongezea dawa bonyeza kabla ya mazoezi ya kupumua, na ubonyeze wewe, sio shangazi aliyekuja kukuona.

Bega la upande uliopasuliwa likiuma usidhani mrija umetoka, maumivu yale yanapita mshipa wa fahamu mwingine unaoanzia shingoni, epidura haiufikii, omba parasetamoli. Presha inaweza kushuka, kwa hiyo usisimame peke yako mara ya kwanza.

Kitu cha kuogopa ni miguu. Ganzi hii ni ya kifua, miguu inatakiwa icheze. Mguu ukianza kuwa mzito, au mgongo ukauma ghafla, au mkojo ukagoma, inabidi pampu isimamishwe na upigwe picha ya MRI haraka, masaa yanahesabika. Na hata mrija ukishatolewa (nao hautolewi hovyo, wanasubiri kama masaa 12 toka sindano ya enoksaparini ya kukinga damu isigande) endelea kuchezesha vidole vya miguu. Vikigoma saa nane usiku, bonyeza kengele saa nane hiyo hiyo.