Somo: programu yako yakwama wapi? Pima na perf

Kila wiki naulizwa mbona programu yangu ya C++ iko slo, nikiuliza umepima? Kimya. Naandika mara moja hapa, nikiulizwa tena nitakuelekeza huku.

1. Weka perf, kifaa cha Linux cha kupima muda wa programu waishia wapi (Ubuntu iko kwenye linux-tools). Ikikunyima ruhusa: sudo sysctl kernel.perf_event_paranoid=1

2. Kukompaili. Hapa soma polepole.
g++ -O2 -g -fno-omit-frame-pointer hesabu.cpp -o hesabu
-O2 yaiambia kompaila iipe programu kasi, -g yaweka namba za laini zako, -fno-omit-frame-pointer yaisaidia perf kujua nani kamwita nani. Mimi niliisahau -O2. Programu ilikuwa ya kusoma risiti za duka la mjomba pale Kongowea, perf ikaniambia muda wote waishia kwenye fanksheni ndogo ya kulinganisha majina, nikaiandika upya siku mbili mpaka macho yakauma, kuja kukompaili na -O2 muda ni ule ule kwa sababu kompaila ilikuwa ishaimeza ndani ya ile inayoiita. Mwizi alikuwa malloc (fanksheni ya kuomba kumbukumbu), kila laini nanakili stringi nzima bila haja. Pima ile utakayoitumia kweli! Na usitoe -g, haipunguzi kasi, yanenepesha faili tu.

3. perf record -F 99 -g ./hesabu (yachungulia mara 99 kwa sekunde; -g ya hapa si ile ya juu, hii yarekodi nani kamwita nani)

4. perf report. Ukiona main juu kabisa usishtuke, safu ya Children yahesabu na wote aliowaita. Angalia Self, muda wa fanksheni yenyewe tu.

MASWALI

– Yaniambia sina ruhusa, nifanyeje?
– Hatua ya 1.
– Nimesoma sijaona.
– Soma tena ndugu yangu, amri iko pale pale.

– Samahani kaka, kuna fanksheni haimo kabisa kwenye ripoti na najua inaitwa.
– Swali zuri dada. Imemezwa, kama yangu. Simama juu ya ile inayoiita ubonyeze a, utaziona laini zako zimechanganyika na asembli (amri za prosesa). Au iwekee __attribute__((noinline)), isimezwe, wakati wa kupima, ila ujue hapo ishakuwa programu tofauti kidogo.

– Nimepima mara mbili, majibu mbalimbali kabisa.
– Mchana? Prosesa ikichemka hujipunguzia kasi yenyewe, na joto letu hili. Mimi hupima baada ya Isha. Tumia perf stat -r 5 ./hesabu, itarudia mara 5 ikupe wastani.

– Feni ya chini ya laptopu yasaidia?
– Yasaidia. Kama huna, inua pembe nne kwa vifuniko vya soda hewa ipite.