Kabla hujainoa picha ya sura, waonyeshe wenzio kwanza

Picha iliyonifunza hii kitu niliipiga mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, mzee mmoja fundi mitumbwi, asubuhi saa mbili hivi, ndevu nyeupe, kofia imechakaa, vidole vinashindilia pamba kwenye nyufa za mbao. Nikarudi geto nikaifungua Lightroom, programu ya kuhariri picha, nikavuta slaida ya kunoa (sharpening) mpaka 120, klariti juu, tekscha juu, zile za kukoleza mikunjo na vinyweleo, nikajiona nimeua. Jioni nikaipeleka kijiweni, pale tunapokunywa kahawa wapiga picha wa huku Kirumba, jamaa mmoja wa studio akaiangalia sekunde tano tu akasema, "Kaka, huyu mzee umemfanya Jiwe la Bismarck." Lile jiwe kubwa la ziwani hapa Mwanza. Watu wakacheka, mi nikanuna, ila usiku nimeifungua tena nikaona kabisa, ngozi imekuwa mwamba, kila kinyweleo cha ndevu kinapiga kelele na macho ndo hayaonekani.

Sasa hivi nafanya hivi, na we jaribu.

Kwanza kabisa hakikisha picha inanoleka. Zumu mpaka asilimia 100, usikadirie kwa kuiona nzima kwenye skrini, nenda kwenye jicho lililo karibu na kamera. Kunoa hakurudishi fokasi iliyokosekana, kazi yake ni kuongeza tofauti kwenye kingo, upande wa giza unakuwa giza zaidi na wa mwanga mwanga zaidi, basi jicho lako linadanganyika kwamba picha imekolea. Kwahiyo kama sikio limekolea na jicho lina ukungu, ujue fokasi iliangukia sikioni, na hii inatukuta sana sisi wa lenzi ya 50mm tunaopenda kuifungua tundu lake mpaka f/1.8, maana ukisimama mita moja na mtu hapo kinachokolea ni sentimita tatu nne tu, mtu akivuta pumzi umeshamkosa. Na kama kila kitu kimejirudia kuelekea upande mmoja, mkono ulitikisika. Zote mbili dawa yake ni kurudi kupiga tena, spidi ya shata 1/200 ya sekunde kwenda juu, fokasi kwenye jicho. Inayonoleka ni ile iliyolegea kidogo tu, ambayo ni kawaida ya faili za RAW, zile ghafi ambazo kamera haijazichakata.

Pili, malizana na mwanga na rangi kabla hujagusa kunoa. Huku kwetu jua linafika utosini saa saba kasoro hivi, sio saa sita kama watu wanavyodhani, na ukimpiga mtu muda huo pale Capri Point macho yake yanakuwa mashimo mawili. Utalazimika kuinua vivuli, ukiinua vivuli chenga (vile vidoa vidoa kama mchanga, noise) zinatoka, na ukinoa juu ya chenga umezinoa na zenyewe. Punguza chenga kwanza. Halafu naomba niseme hili hata kama litawaudhi watu: acheni kuwafanya watu weupe. Mtu mweusi ang'ae kwa ule mwanga unaotambaa kwenye shavu na paji la uso, huo utunze, shusha hailaiti, zile sehemu zenye mwanga mkali, kidogo zisiungue, ila usimpandishe rangi mpaka mama yake amsahau.

Hapo ndo unaipeleka kwa wenzio, kabla hujanoa. Wengi tunakosea hapa, tunapeleka picha ikiwa imeshaiva, tukisubiri kusifiwa. Na swali tunalouliza ndo bovu, "wakuu mnaionaje?" Hapo utajibiwa kali, moto, umetisha, basi, unarudi nyumbani umeshiba hewa. Mi nauliza kitu kimoja, "jicho lako limeanzia wapi?" Halafu nanyamaza. Kunyamaza ndo kugumu aisee, maana unatamani uanze kueleza mara ilikuwa mapema, mara mzee hakutaka kugeuka, mara kulikuwa na watu wanapitisha dagaa mbele ya kamera. Atakayeiona picha hiyo kesho hutakuwepo kumweleza.

Ile picha ya mzee niliirudisha upya bila kunoa, nikauliza hivyo. Wa kwanza akasema ndoo. Ndoo gani? Nyuma ya bega la mzee kulikuwa na ndoo ya bluu ya kubebea samaki, mi sikuwahi kuiona hata siku moja. Akaja dada mmoja anayepiga video za harusi, hakuwepo wakati yule anaongea, nikamwonyesha, akasema "hii bluu hapa". Wa tatu akasema pamba, ila akaongeza kwamba kuna kitu kinamvuta pembeni. Nikatulia. Watu watatu ambao hawajasikilizana wakigusa sehemu moja, hiyo kasoro ipo, usibishane nayo. Nikarudi nikaipunguza ile bluu rangi na mwanga mpaka ikawa kama kivuli tu, na nikwambie ukweli, macho ya mzee yakakolea hapohapo na slaida ya kunoa bado ilikuwa palepale ilipoanzia. Nilikuwa nataka kutibu kwa kunoa ugonjwa wa ndoo.

Maoni mengine yaache yapite. Mmoja aliniambia niifanye nyeusi na nyeupe, mwingine anaweka rangi ya chungwa kwenye kila kitu hata misiba, hizo ni ladha zao. Napokea, nashukuru, siigusi picha. Ila mtu akikwambia "pua inang'aa" au "sijui niangalie wapi", huyo msikilize hata kama ni wa picha za pasipoti, tena hao wa pasipoti ndo wazuri kwa sura, kutwa nzima wanaangalia sura.

Kama unaituma kwa Wasap itume kama dokumenti, ukiituma kama picha ya kawaida inabanwa halafu mtu anakukosoa ulaini ambao sio wako. Na mwambie aongeze mwanga wa skrini ya simu kama yuko juani.

Haya, kunoa sasa. Lightroom ukifungua RAW inaanza yenyewe na 40, sio mbaya, mi huwa nafika 50, 60 nikizidi sana. Radius, yaani upana wa kingo inayonolewa, iache kwenye 1 au shusha 0.8, ukiipandisha utaona mstari mweupe umezunguka taya kama mtu amekatwa na mkasi akabandikwa. Detail 20 hadi 25. Halafu ile slaida ya maski (Masking), inayochagua wapi panolewe, ndo yenyewe kabisa: shikilia Alt huku unaivuta, picha inageuka nyeusi na nyeupe, panapoonekana peupe ndo panaponolewa na panapokuwa peusi panaachwa. Vuta mpaka mashavu na paji la uso viwe vyeusi na zibaki kope, nyusi, midomo, ndevu na ukingo wa kofia. Kwangu inaangukia 75 mpaka 85 lakini usikariri, mtu mwenye ngozi ya makunyanzi itabidi uende mbele zaidi. Klariti kwenye ngozi usiguse. Mboni za macho unaweza ukazipitia na brashi, nguvu kidogo tu, na ule weupe wa jicho uache na vimishipa vyake, watu wa ziwani jua limewapiga miaka mingi, ukiyafanya macho meupe pee anakuwa mdoli.

Unayetumia simu, Snapseed ya bure inatosha, sehemu ya Details, halafu rudi kwenye orodha ya hatua ulizofanya uchukue brashi upake machoni na kwenye nywele tu. Wa Photoshop mnajua wenyewe, leya ya pili, High Pass piseli 1 au 2, Overlay, maski nyeusi, unapaka nyeupe pale unapotaka.

Kunoa kwa mwisho kunafanyika ukishaipunguza picha saizi inayokwenda. Ya Instagram piseli 1080 kwa upana inataka kidogo sana. Ya kuprinti ongeza kuliko unavyoona skrini inakubali, hasa karatasi isiyong'aa, maana wino unasambaa kidogo na picha inalegea.

Halafu lala. Asubuhi toa nakala mbili, iliyonolewa na isiyonolewa, rudi kijiweni uwaonyeshe bila kuwaambia ipi ni ipi. Wakichagua ya kunolewa bila kujua kwanini wameichagua, uko sawa. Wakikwambia "hii umeinoa", shusha. Mimi nilishusha mara mbili, nikaishia 45.

Nikaiprinti nikaipeleka mwaloni. Mzee akafuta mikono kwenye suruali, akaishika kwa pembeni, akaangalia mudaa. Nikakumbuka swali langu nikamuuliza, mzee wangu, jicho limeanzia wapi? Akasema, "Mjukuu wangu, mimi najijua nilivyo. Mtumbwi uko wapi?" Nilikuwa nimeukata wote, umebaki ubao mmoja na pamba. Jumamosi narudi na lenzi pana.